Nyundo Saba, Vishindo Kumi

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata kazi. Mpiga nyundo mkuu, timu ya kupima ardhi. (Mpiga nyundo ni mmoja tu, lakini mkuu ni mkuu.) Mtaa wetu unapasuka, na jikoni kwa shangazi, ninakoishi, pana ufa wa kuingiza kidole. Injinia, mama mkali wa kofia ya njano, kaeleza: masikio ya chuma yanachomekwa ardhini kwa mstari, mimi natwanga sahani ya chuma, mtikisiko unakimbia kwenye ngozi ya ardhi, masikio yanausikia. Pagumu unakimbia, palaini unachechemea. Mawimbi mafupi yanasoma juujuu, marefu yanasoma kina. Kompyuta inachora: buluu pagumu, nyekundu pabovu. Kila kituo nyundo kumi, wala si pungufu. Ramani ndiyo itasema shangazi abaki au ahame. Nimemwambia atulie, nyumba iko mikononi mwangu. Kasema hilo ndilo linalomtisha.

Jumanne, 4 Machi
Kumi ni nyingi. Kituo cha tatu nimepiga saba, nikatangaza kumi kwa sauti ya mtu aliyechoka. Rula, mchomeka masikio, anayetembea na futi hata chooni, akaapa kahesabu saba. Injinia akatazama kompyuta: vishindo kumi. Akamwambia Rula aache fitina. Nikamkonyeza.
Lakini nilipiga saba. Kuhesabu mpaka kumi najua. Shule ilinifikisha huko.

Jumatano, 5 Machi
Nimepiga nne. Nikasimama, nyundo begani. Mtaa kimya, hata kuku wameacha kuchakura. Nyayo zikatekenywa na vishindo kutoka chini: sita, taratibu, kwa mwendo wangu uleule. Hata kale kapumziko kangu ka kutemea viganja kalikuwemo.
Nikarudi hatua mbili nyuma. Kisha nikawaza: mtu akikusaidia kazi humuulizi anakaa wapi.
Rula anasema mimi mvivu hadi kivuli changu kinakaa kitako. Hajui nina kibarua huko chini.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepiga mbili. Injinia kaikodolea macho kompyuta. Doa jekundu juzi lilikuwa mita kumi na mbili chini, jana saba, leo tatu, na linasogea upande wa kwa shangazi. Ardhi haitembei, kasema. Akaniuliza kama napiga kumi kweli. Kuna watu wanalala kwenye nyumba hizi, mwanangu, sema tu. Nikasema kumi.
Rula alikuwa amelaza kiganja kwenye lami. Akakitoa kama aliyegusa sufuria ya moto. Hakunitania siku nzima.

Ijumaa, 7 Machi
Ramani imetoka. Shangazi ahame leo hii. Kafungasha huku analia. Nyumba aliijenga tofali kwa tofali. Akanishika sikio: wewe mtoto, nyundo zote ulipiga? Nikamwapia. Kabla hajaliachia sikio, sufuria zikatikisika rafuni mara tatu, kwa mpangilio.
Shangazi kaondoka bila viatu.

Jumamosi, 8 Machi
Injinia kafunga utepe mlangoni, marufuku mtu kuingia. Nimepitia dirishani. Kitanda kikubwa cha shangazi sasa ni changu. Jua la saa sita linawaka, nimejilaza, mguu mmoja chini. Nikagonga sakafu kwa kisigino, mara moja tu.
Zimekuja tisa. Ya mwisho imekinyanyua kitanda.
Kibarua hodari huyu. Jumatatu sibebi nyundo.