Ubeti wa Kuaga wa Don Nicandro

Jumanne, 11 Machi

Wanarekodi albamu ya kumuenzi marehemu Don Nicandro. Mtu huyo alikuwa akitunga nyimbo huku anavua viatu, na bonde zima la mto Papaloapan linaziimba hadi leo! Waimbaji kumi na wawili wamealikwa. Mimi, Ausencio Zamudio, sikualikwa! Melitón mpiga kinubi amealikwa, yule ambaye hata kukaza nyuzi husaidiwa na mkewe. Akaniambia eti orodha ni ya mjane, Doña Basilia, nikamsumbue yeye.

Jumatano, 12 Machi

Nimemsumbua. Nimemwambia marehemu aliniachia wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia, akaniapisha niuimbe mimi tu. Mama wa watu akashika kifua. Akauliza mara mbili kama ni kweli. Nikaapa mara tatu. Tutaurekodi kesho barazani kwake. Kilichobaki ni kuutunga.

Alhamisi, 13 Machi

Nimetunga asubuhi nzima. Beti nne tamu!

Saa tisa, kinasa sauti kikawashwa barazani. Ubeti wa kwanza, Melitón akavua kofia. Wa tatu, Doña Basilia akalia. Wa nne ndio wa kuaga, na kwetu mtunzi huaga kwa kujitaja jina. Miaka thelathini naaga hivyo. Mdomo ukaenda wenyewe: naaga mimi, Ausencio Zamudio!

Melitón akavaa kofia.

Doña Basilia akafuta machozi, akasema mumewe kweli aliacha wimbo ambao haujawahi kusikika. Akapanda jukwaa dogo la mbao tunalochezea ngoma, miaka yake sabini na tisa, akagonga visigino na kuimba. Wimbo wa kunihusu mimi! Ninavyofika kila ngoma kabla ya chakula na kutoweka kabla ya vyombo kuoshwa. Na kwamba nisipofika, ngoma hainogi.

Nywele zilinisimama. Marehemu alinichora mzima, ila kwa upendo. Kisha ukaja ubeti wa kuaga, mjane akalifikia jina la Nicandro, na sauti ikamkatika. Nililia mbele ya Melitón, wala sikujali. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile, na sitasikia tena.

Wimbo huo ndio utakaofunga albamu.

Ijumaa, 14 Machi

Kwa wimbo huo, jina langu litasikika mara nne kwenye albamu! La Melitón litaandikwa mara moja tu, nyuma ya jalada, kwa herufi za sisimizi.

Nasikia Don Fermín, mtunzi mkubwa wa kule Alvarado, anakohoa tangu Jumapili. Kesho nampelekea supu ya samaki. Nitakaa karibu kabisa na kitanda. Safari hii nataka mashahidi.