Saa Moja na Dakika Nane

Jumatatu, 6 Mei

Siku njema. Nimebadili betri za saa mbili tatu, nimesinzia juu ya kaunta, na nimepata sababu ya kuishi.

Ile tovuti ya wapenzi wa anga imetangaza kwamba kila mji utapata Balozi wa Anga. Balozi anapewa beji ya kitambaa ya kushona kifuani, na jina lake linawekwa kwenye ramani ya dunia. Mimi, kwenye ramani ya dunia! Sharti ni moja tu. Jumamosi kituo cha anga kitapita juu ya mji wetu, na wanaanga wamo ndani. Atakayeleta watazamaji wengi, huyo ndiye balozi.

Tatizo ni jirani. Mpiga Picha, ambaye studio yake na duka langu la kutengeneza saa vinatenganishwa na ukuta mmoja, naye ni mwanachama. Tena ana cheo cha Kimondo. Mimi huu mwaka wa pili bado ni Vumbi. Alipandishwa cheo baada ya kuweka picha ya Zohali na pete zake. Mimi nasema kile ni kifungo cha koti kilichopigwa kwa karibu. Sina ushahidi, ila koti lake la kijivu lina pengo kifuani.

Nyumbani nikatangaza habari. Mke wangu akauliza hicho kituo abiria wanashukia wapi. Nikamweleza kwa kirefu. Akasema sawa, na saa ya ukutani ya mama yake itakuwa tayari lini? Katika nyumba hii kila mazungumzo huishia kwenye saa hiyo. Ililetwa dukani wiki ya harusi yetu. Binti yetu sasa yuko sekondari. Mamamkwe ananiita Bwana Kesho, tena mbele za watu, na huwaambia majirani zake kwamba mwanawe aliolewa na fundi saa asiyejua saa. Nikiwa balozi, tutaona ataniitaje.

Jumanne, 7 Mei

Bahati! Tovuti inatafuta watu wa kujitolea kuitafsiri kwa Kiswahili, na kila ukurasa una pointi zake. Nimefunga duka mapema. Nimeanza na mashimo meusi. Mke wangu akachungulia begani kwangu, akasoma: shimo linalomeza kila kitu, na kilichoingia hakitoki. Akasema analijua, liko dukani kwangu, na saa ya mama yake imo humo. Nikaendelea na ukurasa. Mtu wa sayansi hajibizani.

Kisha nikafika kwenye jedwali la kituo cha anga. Jumamosi, 19:08. Kumi na tisa! Nimefungua saa za kila aina na sijaona hata moja yenye namba kumi na tisa usoni. Nani katika mji huu anamwambia mwenzake tukutane saa kumi na tisa? Mtafsiri wa kweli hatafsiri maneno tu. Nimezigeuza saa zote za jedwali ziwe saa zetu. Penye 19:08 nimeweka 1:08. Saa moja na dakika nane, jua limeshazama, giza bado changa. Safi kabisa. Nalala na furaha.

Jumatano, 8 Mei

Mimi ni Kimondo!

Niliiacha simu juu ya kaunta, kioo kikitazama mlangoni, ikakaa hapo mpaka Mpiga Picha alipokuja kuazima bisibisi. Ameona. Amenipongeza kwa sauti ya mtu anayemeza dawa. Akasema siku hizi naye anaisoma tovuti kwa Kiswahili, na mtafsiri wake ni mtu aliyesoma sana. Nikasema huenda. Ulimi uliniwasha, nikauuma. Akijua ni mimi, naye ataanza kutafsiri.

Jioni nikaja na mbinu mpya. Balozi anahesabiwa kwa watu wake, basi nikawasajili ndugu wote kwenye tovuti: mke, binti, mashemeji, shangazi asiye na simu. Nimemsajili hata mamamkwe, kwa kupitia simu ya binti yangu. Fomu iliuliza kwa nini anapenda anga. Nikamwandikia: kwa sababu ya ukimya wake. Binti yangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akaahidi hatamwambia bibi yake, na mimi nikaahidi sitamuuliza alama za hesabu.

Alhamisi, 9 Mei

Mabango! Mchora Mabango amenichorea matatu, nami nimemtengenezea saa yake ya mkononi palepale, akisubiri. Alishangaa kuipata siku hiyohiyo. Bango linasema: KITUO CHA ANGA KINAPITA! JUMAMOSI 1:08. UWANJA WA MPIRA. MGENI RASMI: FUNDI SAA.

Mke wangu amelitazama akauliza: 1:08 ya mchana au ya jioni? Nikacheka. Nani atatazama nyota mchana? Watu wana akili zao, mke wangu. Akasema watu wana simu zao. Sikumwelewa, na sikuona haja ya kuuliza.

Mpiga Picha naye ametundika bango lake. Siku ileile, uwanja uleule, na 1:08 ileile, ameitoa kwenye tovuti. Sura yake imejaza bango zima. Sayari zimebanwa pembeni karibu na sikio.

Ijumaa, 10 Mei

Balaa. Binti yangu amemsomea bibi yake bango kwa simu. Mamamkwe anakuja! Kwa maneno yake, anataka kumwona kwa macho yake Bwana Kesho akifanya jambo leo. Akaongeza kwamba kitu kidogo cha ukutani tu kimenishinda, seuze kinachoruka.

Kwa hasira nzuri nikaishusha saa yake kutoka rafu ya juu, nikafungua mgongo. Springi ikaruka. Nimeitafuta chini ya kaunta, chini ya kiti, ndani ya chai yangu. Nimeirudisha saa juu, na kitambaa cha kuifunika vumbi nimekirudisha pale pale. Balozi hahangaiki na springi. Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo, nikajipigia makofi.

Jumamosi, 11 Mei

Nitaandika pole pole, nisiruke kitu.

Saa saba mchana nilikuwa dukani, lenzi jichoni, nikiisugua saa ya mteja. Nikasikia kelele uwanjani. Nikadhani mechi. Mara muuza maji akaingia akauliza kulikoni, watu wameshajaa na mgeni rasmi haonekani. Nikakimbia vilevile na lenzi jichoni.

Mji mzima! Wazee na viti vyao, mama na watoto mgongoni, kinyozi na mteja aliyenyolewa upande mmoja. Jua la utosi. Wote wameziba macho kwa viganja wakitazama juu, na simu zote mikononi zinasema 1:08. Kwenye goli la pili alikuwa Mpiga Picha na kundi lake, kamera juu ya miguu mitatu, jasho linamtiririka. Akaniuliza ni mjinga gani ametafsiri lile jedwali. Nikasema dunia ina watu wengi.

Nikapanda juu ya benchi. Nikawaeleza kwamba ni saa moja, saa moja yetu, ya jioni. Mtu akauliza mbona sikuandika jioni. Mwingine akasema, naye ni fundi saa! Hapo ndipo walipocheka. Kinyozi akatangaza kwamba saa yake anakuja kuichukua kama ilivyo. Wakaondoka huku wakinipa pole, na hakuna aliyeahidi kurudi, maana jua lilikuwa limeshawaoka. Nilitaka uwanja upasuke nizame.

Jioni nikarudi, nimevaa shati la hotuba. Mke wangu akaja, binti akaja. Mpiga Picha akaja pia. Akasema hakuja kwa ajili yangu, amekuja kwa ajili ya anga. Tukakaa kwenye benchi moja, kila mtu ncha yake.

Kisha akatokea mamamkwe, kigoda mkononi, hatua za taratibu. Akauliza watu wako wapi. Mke wangu akamweleza habari za mchana. Mama akashangaa. Akasema yeye aliambiwa saa moja, na saa moja ni saa moja, hiyo nyingine wameitoa wapi? Akaketi. Katika mji mzima ni yeye peke yake aliyefika kwa wakati!

Na kikaja. Kilichomoza nyuma ya tangi la maji, cheupe, king'avu kuliko Zuhura, bila mlio, bila kumeta. Hakikuyumba. Mama akauliza kama kweli mna watu mle ndani. Nikasema wamo, mama, na sasa hivi labda wanakula. Akanyanyua mkono akawapungia. Akaniambia nami niwapungie, nisiwe mchoyo. Nikawapungia. Mpiga Picha akawapungia kwa mikono yote miwili na kamera akaisahau. Kikaingia kwenye kivuli cha dunia, kikazimika juu ya vichwa vyetu, na hakuna aliyetaka kuinuka.

Sina hotuba niliyotoa. Sikumbuki hata ilianzaje. Nilikuwa na furaha tele, basi.

Jumapili, 12 Mei

Nimeamka na akili mpya. Picha ya mchana ipo! Mpiga Picha alipiga umati wote, nyuso juu, viganja machoni. Nani atajua ilikuwa saa ngapi? Tumekubaliana tuitume kwa majina mawili. Tumebishana mchana kutwa jina gani litangulie. Mwishowe tumeiandika mara mbili, kila mtu na yake, tukazituma zote.

Jumatano, 15 Mei

Tovuti imejibu. Picha zimekataliwa. Wameona vivuli vya watu viko chini ya miguu yao, wakauliza kwa adabu kama mji wetu una jua la usiku.

Kwa kuwa hakuna watazamaji waliothibitishwa, wametazama taarifa, na balozi amepatikana. Ni mwanachama aliyesajiliwa Jumatano iliyopita, aliyetuma taarifa sahihi ya kituo, saa yake na mahali kilipozimikia. Aliisema kwa mdomo, binti yangu akaiandika kwenye simu. Wakanitumia mimi niitafsiri, mtafsiri wao hodari! Nimeitafsiri yote kwa mkono wangu. Mwisho wake inasema: mkwe wangu aliniambia kitapita saa moja na dakika nane, na kilipita saa moja na dakika nane. Tangu nimjue, ndiyo mara ya kwanza.

Hapo nilivua miwani nikaifuta.

Beji itakwenda kwa mamamkwe. Amesema ataishona mwenyewe, asije akanipa mimi akaingoja. Lakini mke wangu ananiambia kwamba kwa majirani zake siku hizi jina langu ni Bwana Saa Moja. Bwana Saa Moja! Nimelitamka mara kadhaa dukani peke yangu. Lina uzito.

Na kazi imeendelea. Leo nimepewa ukurasa mpya: mwezi ujao, mwezi utapatwa. Wameandika Ijumaa, 22:00. Somo limeniingia. Nimeandika saa nne USIKU, herufi kubwa, nione nani atakuja mchana. Ila hiyo Ijumaa sasa! Jua likishazama, usiku ule si wa Ijumaa tena, ni wa kuamkia Jumamosi. Babu zetu wote walihesabu hivyo. Mtafsiri wa kweli hatafsiri saa tu. Nimefuta Ijumaa, nimeweka usiku wa Jumamosi.

Mke wangu amechungulia begani kwangu, akauliza kama nina hakika watu wataelewa. Nimecheka. Mchora Mabango ameshapaka mawili.