Leza ya Suna na Miwani ya Uzi Mwekundu

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa DC, ambaye ametuma salamu kwamba gari limekwama Oyugis lakini moyo wake umeshafika. Chifu na manaibu wake, pamoja na wale waliosimamishwa kazi na bado wamevaa kofia. Wachungaji wa Sabato, mapadri wa Katoliki, na wazee wa mila mlioamua kuketi mbali kidogo na hao wengine. Wafanyabiashara wa Suna. Wavuvi wa Sindo mliokuja na harufu ya kazi yenu. Akina mama wa kwaya, vipofu, nusu-vipofu, na nyinyi mnaojifanya hamnioni kwa sababu uchaguzi unakaribia: Oyawore uru!

(Umati: "Oyawore ahinya!")

Itifaki inanitaka nijitambulishe, ingawa ni kazi bure, kwa maana hata ng'ombe wa huku wakiniona wanapisha njia. Mimi ni Mheshimiwa Simeon Nyangau, Mwenyekiti wa Kamati Kuu Tekelezi ya Uoni Bora, Kanda ya Migori, Homa Bay na Vitongoji Vyake, mtu aliyekula katika hoteli za nchi nne na kulala katika tatu, na ambaye shule aliiacha yeye mwenyewe, haikumfukuza. (Kicheko.) Chekeni. Waliomaliza shule wako wapi? Wako hapo chini wamesimama, na mimi niko huku juu nimewekewa maji ya chupa.

Leo, ndugu zangu, tunafungua rasmi Kituo cha Leza cha Macho cha Suna, ambacho mnakiona nyuma yangu kikiwa na ukuta mweupe kama jino la mtoto, na jina ambalo fundi Omwenga alikuwa akilibandika mpaka asubuhi hii, akanipa hata kichupa chake cha gundi nimwekee mfukoni apande ngazi vizuri. Na pale kando, chini ya turubai, imelala mashine yenyewe. Msiiguse. Ina aibu.

(Sauti: "Mbona inamwaga unga chini?")

Hiyo ni poda ya kitaalamu. Naomba mambo ya sayansi tuwaachie wanasayansi.

Sasa nitasoma hotuba yangu, na ili niisome naomba ruhusa nivae miwani. (Minong'ono.) Tulieni! Mtakumbuka kwamba katika mkutano uliopita, hapa hapa uwanjani, niliwaita mbele wote wenye miwani, jinsi mnavyoitwa kwenye krusedi mje mtupe tumbako na hirizi. Nikawaambia: tupeni, leza inakuja, miwani ni utumwa wa pua! Kwaya ikaimba, mkaja mkilia, mkatupa miwani yenu katika kikapu hiki kilicho miguuni pangu, na wa kwanza kabisa akawa Mama Jerusha, fundi wa nguo, yule mwenye cherehani pale verandani karibu na soko. Alitupa miwani yake yenye uzi mwekundu uliofungwa pale mkono ulipovunjika, halafu akaruka juu kama msichana. Huo ndio uongozi. Basi miwani ya kikapu hiki ni mali ya kamati, mimi ndiye kamati, nimejaribu yote asubuhi hii, na iliyonikaa vizuri ni hii.

(Sauti ya mwanamke, nyuma kabisa: "We! Hiyo ya uzi mwekundu ni yangu!")

Nani huyo? Ah, ni Mama Jerusha mwenyewe. Karibu, mama. Umeitambua kutoka kule kwenye vibanda?

(Mama Jerusha: "Ya mbali naona! Ya karibu ndiyo sioni! Mheshimiwa, kwaya inavaa sare Sabato hii kwenye makambi ya kanisa, watu wa Homa Bay wanakuja kutuangalia, na mimi tangu nitupe miwani nashona kwa kupapasa. Juzi nimemshonea Benta gauni lina mikono miwili ya kushoto!" Kicheko. Benta: "Na nimelivaa, muone!" Kicheko kikubwa.)

Hongera, Benta, limekukaa kimaendeleo. Mama Jerusha, vumilia. Leo wewe ndiye mgonjwa wa kwanza, utatibiwa mara tu baada ya hotuba, na hotuba ni fupi, ina kurasa chache tu kila upande.

Nasoma. "Kwa mujibu wa fizibiliti stadi iliyofanywa na komiti yangu kwa ushirikiano na mimi, asilimia themanini na saba ya wakazi wa kanda hii hawaoni mbele, asilimia arobaini hawaoni nyuma, na kule Sindo utafiti umethibitisha kwamba samaki humwona mvuvi kabla mvuvi hajamwona samaki." (Wavuvi: "Uongo!") Imechapishwa, ndugu zangu. Kitu kikishachapishwa hakirudi nyuma.

Sasa mtaniuliza, Mheshimiwa, wewe ulifikaje kwenye leza? Niwaambie ukweli, maana mimi sina siri na wananchi. Mnakumbuka nilivyokuwa na miwani mizito kama chini ya chupa ya soda. Siku moja nikaenda matangani kule Oyugis. Miwani ikajaa mvuke kwa jua na kwa watu. Nikasimama mbele ya picha ya marehemu, nikamsifu kwa muda mrefu, nikamwita mtu mkarimu, mzee wa watu, baba wa kijiji, machozi yakanitoka. Nikasikia watu wanakohoa. Kumbe nilikuwa nalia mbele ya kalenda ya kampuni ya sabuni, na yule niliyemwita mzee wa watu ni mama mwenye beseni! (Kicheko kirefu.) Siku hiyo nikaamua. Nikasema kiongozi asiyeweza kumtofautisha marehemu na beseni, huyo atawaona vipi wapiga kura?

Nyumbani nikapata upinzani. Mke wangu Edith, yaani Mama Bravin, aliniambia, "Baba Bravin, hayo macho ndiyo yaliyonichagua mimi. Ukiyachoma, si utaamka useme walikuletea mtu mwingine?" Nikamwambia mama, hii si kuchoma, hii ni teknolojia. Akasema, "Basi waanze na ya jirani." Komiti ikakaa, yaani nikakaa, tukapitisha kwa kauli moja kwamba haifai kumpelekea mwananchi kitu ambacho kiongozi hajakionja. Chakula cha mfalme huonjwa na mtumishi. Hiki cha watumishi nikasema acha mfalme aonje. Nikajitolea mwili wangu, nikasafiri mpaka Johanesibagi, na kwa ajili ya usimamizi nikaandamana na Mama Bravin, dada yake Mama Bravin, na dereva, ingawa tulikwenda kwa ndege.

(Sauti: "Dereva alishika usukani wa nini?")

Alikuwa akiangalia wenzake wanavyofanya. Huo unaitwa exchenji programu.

Sasa sikilizeni. Wanakulaza chali kama wa kutahiriwa. Wanakudondoshea dawa, jicho linakufa ganzi, halafu wanaleta kijichuma cha kukuzuia usipepese, ukitaka kufumba jicho halifumbi. Daktari anakuambia tazama kitaa chekundu, usitazame kwingine. Mimi! Mtu wa kutazama kwingine tangu nizaliwe! Kisha mashine inaanza, tak-tak-tak-tak, na hapo ndugu zangu unasikia harufu. Mnaijua ile harufu ya kichwa cha mbuzi kikichomwa nywele kabla ya kupikwa supu? Ndiyo hiyo. Nikawaza, haya, mtu wa Nyangau leo anachomwa kichwa, na hata chumvi hakuna. Nikataka kuomba dua, nikakumbuka ile ya chakula peke yake, nikaomba hiyo hiyo.

(Kicheko. Mchungaji anainamisha uso.)

Na kupona ndiko kwenye siasa yenyewe. Dawa ya ganzi ilipokwisha, ilikuwa kama mtu amenipakaa pilipili kisha akanirushia mchanga wa Sindo. Pazia limefungwa, macho yamefunikwa vijungu vya plastiki nisijikune usingizini, machozi yanatiririka bila msiba. Mama Bravin akanilisha kwa mkono wake, tonge kwa tonge, kama ndama aliyefiwa na mamaye, na kila tonge lilikuja na swali: "Nani alikuambia ujaribu?" Mimi nafungua mdomo tu. Niwaambie kitu, na hiki hakikuandikwa humu. Mtu akiwa gizani, anayemjali ni yule anayeuliza kama tonge ni la moto. Haya, tuendelee na mambo ya maana.

Nilipofunguliwa, nikachungulia dirishani. Wananchi! Nikaona kunguru juu ya mlingoti mbali kabisa, nikaona hata kwamba amekasirika. Usiku kila taa ina duara kama malaika wa kwenye kalenda. Nikageuka nimtazame Mama Bravin karibu, ili nimshukuru, nikaona… ukungu wenye kilemba. Daktari akasema hilo ni suala la umri, kwamba leza imenipa ya mbali, ya karibu nitafute miwani ya kusomea. Nikamwambia daktari, hiyo ni changamoto ndogo ya kiimplimentesheni.

(Mama Jerusha: "Kwa hiyo umechomwa macho na bado unavaa miwani? Tena yangu?")

Mama, hiyo ni hoja ya mchangiaji, ngoja wakati wa maswali. Nasoma: "Katika fezi ya kwanza, Kituo kitatibu macho elfu ishirini, ya kulia yote kwanza, kisha ya kushoto. Katika fezi ya pili wagonjwa watatoka Tanzania, watatoka Uganda, watatoka Ulaya, wataomba viza ya kuja Suna. Katika fezi ya tatu…"

Ngoja kwanza. Naona kitu. Kwa macho haya haya ya leza namwona Mama Jerusha akitoka kwenye vibanda, amejifunga leso kiunoni. Sasa amepita kwa wauza miwa. Mnaona ubora wa teknolojia? Naona mpaka sindano alizochomeka kifuani. Naona tepu ya kupimia imening'inia shingoni. Askari, msimzuie mama, anakuja kutibiwa. Mama, karibu jukwaani, foleni… Mama, taratibu. Mama, itifa—

(Mama Jerusha anapanda jukwaani, anamvua Mheshimiwa miwani, anaipangusa kwa leso, anaivaa. "Ah," anasema. "Kumbe shati lako lina mstari." Umati unapiga makofi marefu kuliko yote ya siku hiyo.)

Haya. Haya, makofi yanatosha. Natumaini ni ya kwangu. Tuendelee. "Katika fezi ya tatu…" (Anaisogeza karatasi mbali. Anaisogeza mbali zaidi, mpaka mkono unakwisha.) Yuko mtu mwenye mkono mrefu hapo? Hakuna. Kikapu! Nani amechukua kikapu?

(Kikapu kiko chini tayari. Watu wanajaribishana miwani. "Hii ni ya mzee Boaz!" "Wacha, hiyo ni ya shemeji!")

Basi nitasema ya kichwani, maana imebaki shukrani peke yake, na shukrani mimi najua bila kusoma. Kwanza namshukuru Bwana Nyamhanga kwa moyo wake wa kizalendo wa kutuazima mashine yake ya kusaga ilale chini ya turubai, na nawaomba msamaha akina mama mliotembea wiki nzima na mahindi kichwani mkitafuta pa kusaga. Leo jioni anaichukua, kusaga kutaendelea. (Mluzi mmoja.) Namshukuru fundi Omwenga kwa kuujenga ukuta huu wa mbele, na nawasihi msizunguke nyuma, kwa kuwa nyuma ni mtama wa mtu na umeshaanza kuzaa. Nawashukuru madaktari kutoka ng'ambo ambao hawakuja, kwa sababu hatukuwaita. Na nawashukuru nyinyi wananchi, mlioniamini mpaka mkanipa macho yenu ndani ya kikapu. Watu wa wapi tena wangefanya hivyo? Nimezunguka dunia, sijawaona. Na mjue leza yenyewe ipo. Ipo, nimeilalia. Haipo hapa tu.

(Mayowe. Ganda la muwa linapita karibu na maji ya chupa.)

Leza juu!

(Umati: "Miwani juu!")

Uoni bora!

(Umati: "Saga kwanza!")

Nyangau tena!

(Benta ananyoosha mikono yake miwili ya kushoto. Kicheko.)

Asanteni. Jua na vumbi la makofi yenu vimeanza kuniwasha macho, na daktari alinikataza kukosa dawa, kwa hiyo mtaniwia radhi nijidondoshee hapa hapa, mwone nidhamu ya mgonjwa. Nilikiweka wapi… hiki hapa. Kichupa kidogo. (Anakifungua. Anainua uso juu, anashika kope.)

(Mama Jerusha, ambaye alikuwa ameshashuka ngazi, anageuka. "Mheshimiwa! Baba Bravin! Acha! Hiyo ni gundi ya Omwenga!")

…Gundi?

("Imeandikwa hapo. Leta." Anapanda tena, anamnyang'anya, anachomoa kichupa kingine mfukoni mwa koti, anakisogeza mbele ya ile miwani, anasoma. "Hiki ndicho. Inama. Usipepese.")

Nimeinama, mama. Sipepesi.

Ndugu wananchi, mtanisamehe kwa kuwa naongea nikitazama mbinguni. Shukrani ya mwisho haikuwa kwenye programu. Ni ya Mama Jerusha, fundi wa nguo wa Suna, ambaye nilimchukulia macho yake nikamwahidi leza, naye amerudi ngazi mbili tatu kuyaokoa ya kwangu. Kituo kimefunguliwa, mabwana na mabibi. Kiko verandani karibu na soko, kina cherehani. Leo hakipokei mgonjwa mwingine, kina sare za kushona.

Ero kamano, asanteni sana. Mama, jicho la pili.