Nimeufunga Mlango Siku ya Mzee Mwachiro

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, tena kanisani.

Mnamkumbuka marehemu Mzee Mwachiro, mzee wetu wa kanisa hapa Ukunda. Wimbo wa kwanza ukianza tu, alikuwa akifunga mlango. Ukichelewa, unasubiri nje mpaka sala iishe. Hata mwalimu mkuu alishawahi kusimama juani!

Leo tulikuwa na ibada ya kumkumbuka na kuweka kibao chake ukutani. Pasta akanipa funguo kwa majaribio.

"Tukuone leo, Kalume. Ukifaa, utabaki nazo."

Nami nilikuwa nimeshajiona nimefaa. (Mimi ni bawabu wa hoteli kule Galu. Wa kunifundisha mlango hajazaliwa.)

Saa tatu kamili kwaya ikaanza. Nikafunga, nikageuza ufunguo mara mbili, nikautia mfukoni. Kifua mbele! (Baadaye nimeambiwa kwaya ilikuwa ikivuta muda tu, familia ya marehemu ifike.)

Mara, mtu akabisha. Akabisha tena, kwa nguvu.

"Hodi! Tufungulieni!"

"Hakuna hodi!" nikafoka. "Mzee aliwafunza miaka yote, na hata siku yake mnachelewa? Hamna haya?"

Kumbe wimbo ulikuwa umekwisha. Kanisa zima lilinisikia.

Kisha ikaja sauti ya mama, taratibu, nyuma ya mlango.

"Kalume mwanangu, ni mimi mkewe. Feri ya Likoni imetuchelewesha. Na kibao ninacho mimi."

Ndipo nikatazama ukutani. Misumari minne, kibao hakuna! (Nilikuwa nimepita hapo mara kumi tangu asubuhi.)

Nikautoa ufunguo, haukuliona tundu. Pasta akaninyang'anya, akafungua mwenyewe. Mama akaingia na wanawe, jasho likiwatiririka, kibao amekikumbatia.

"Shikamoo, mama," nikasema, macho kwenye viatu vyangu.

"Marahaba, baba. Ni kweli, mume wangu alikuwa akifunga. Lakini alikuwa akichungulia kwanza."

Weee! Kanisa likaangua kicheko. Pasta naye alijifuta machozi kwa mkono ule ule ulioshika funguo, na mpaka ibada imekwisha hazikunirudia.

Msinicheke, tafadhali, roho inaniuma. Kesho niko zamu Galu, na atakayepiga honi langoni nitamchungulia mara tatu kabla sijafungua kinywa.