Klabu ya Wapandaji wa Mweiga

Jumatatu, 3 Machi

Wazungu wanne wamepita hapa kwetu Mweiga leo, fimbo mikononi, wakielekea mlimani kupitia msituni. Hawafuati kuni wala ng'ombe aliyepotea. Wanatembea tu! Monicah, muuza viazi, alisema kupanda mlima bila mzigo ni kazi ya watu wasio na kazi. Mimi nikaona nafasi. Mlima ni wetu, kwa nini wapandaji wawe wao? Nimeanzisha klabu ya wapandaji Waafrika. Mwenyekiti: mimi, Kingori. Sijawahi kupanda kitu isipokuwa paa la kanisa, na nilishushwa.

Jumatano, 5 Machi

Wanachama wawili. Monicah, niliyemwahidi nyama choma kule juu. Na Wasike, polisi kutoka Bungoma, anayekimbia kila asubuhi bila kufukuzwa. Simpendi. Aliuliza nimepanda mara ngapi. Nikasema sikumbuki. Akataka uchaguzi. Nikasema katiba hairuhusu. Akaomba kuiona katiba!

Ijumaa, 7 Machi

Nimeenda kupeleleza lango la msitu. Mlinzi aliwapigia wageni saluti. Mimi akaniuliza, "Mzee, umefuata kuni?" Nikasema nimekuja kutembea. Akauliza, basi mgeni wangu yuko wapi, nitabeba mizigo ya nani? Nimezaliwa kilomita tatu kutoka hapo! Nilirudi nyumbani nimenuna. Halafu wazo: kesho nitakuwa Mmarekani mweusi. Nimefanya mazoezi ya Kiingereza cha puani mbele ya ng'ombe. Ameacha kula.

Jumamosi, 8 Machi

Miwani ya jua, kofia, kaptula. Miguu yangu haijaona jua tangu darasa la nane. Langoni, Monicah na Wasike wakinifuata, nikamsalimia mlinzi kwa pua. Saluti! Kisha akaomba pasipoti. Nikasema imebaki hotelini. Monicah akapaza sauti: "Kingori, mbona unaongea kama uko na homa?"

Nikakalishwa kwenye benchi.

Monicah akasonga mbele. Akamwambia mlinzi, kwa Kikuyu, kwamba nyanya yake alizaliwa ndani ya msitu huo kabla lango halijajengwa, na leo yeye hafuati kuni, amekuja kutazama. Mlinzi akageukia lango. Akafungua. Monicah akaingia, Wasike nyuma yake.

Walirudi saa kumi. Monicah alikuwa anacheka kama msichana. Alisema miaka thelathini amepita humo ameinama na kuni mgongoni, hakujua miti ina maua juu. Macho yake yalikuwa na machozi. Nilitaka kumpongeza. Nikasema hayo maua nayajua.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada, watu kumi na wanane wamejiandikisha. Wamemchagua Monicah mwenyekiti. Hata mke wangu aliinua mkono. Miwili! Wasike ni katibu. Mimi ni mwanachama, kwa majaribio.

Sawa. Mlima umejaa watu. Lakini nasikia kule bwawani kuna wanaopiga makasia kujifurahisha, na hakuna mtu wa Mweiga hata mmoja. Kesho nazindua klabu ya mitumbwi. Mwalimu: mimi. Kuogelea nitajifunza tukifika katikati.