Baruti ya Ndululu

Jumatatu, 9 Septemba

Hatimaye nimejua kazi niliyoumbiwa. Si kutengeneza redio. Kijiji chetu chote cha Kalamba sasa kinasikiliza simu. Kazi yangu ni kujaza risasi!

Ilivyokuwa: juzi nilikuwa Kitui kwa Bwana Jabiri, yule muuza ng'ombe, kumtengenezea pampu. Ana bunduki kubwa ya marehemu babake, ya leseni, ya kulindia ng'ombe wake. Akalalamika kwamba risasi za bunduki hiyo hazionekani tena madukani. Eti huko ng'ambo wenye bunduki kama hizo huokota maganda yaliyokwisha pigwa na kuyajaza upya nyumbani, mezani, kama mtu anayejaza chumvi kwenye kikopo. Akacheka. Mimi sikucheka. Maganda ninayo!

Marehemu mjomba Muli alikuwa askari wa wanyama. Aliacha kopo la bati lililojaa maganda ya shaba, marefu kuliko kidole changu cha kati. Alikuwa akiyapuliza kama filimbi kuita mbuzi. Miaka yote yamekaa ghalani chini ya mbaazi. Mali hiyo, na mimi nahangaika na redio mbovu ya jirani Wayua!

Kalekye, mke wangu, ameuliza mbona natabasamu peke yangu. Nimemwambia kuna mambo makubwa. Amesema hata mara ile ya kufuga mbuni niliyaita makubwa.

Mbaluka, jirani yangu, mwenye maembe mengi na maneno mengi zaidi, amepita akisema ua wa katani kati yetu unasogea upande wake. Nimemjibu katani haina miguu.

Jumanne, 10 Septemba

Nimetazama video mpaka simu ikawa moto. Mzungu mmoja mwenye ndevu. Ana kifaa cha kila kitu: cha kunyoosha ganda, cha kupima baruti, cha kubana. Amerudia rudia kwamba mwenye haraka asianze. Sehemu hiyo nimeiruka.

Vifaa ninavyo. Mizani ya Kalekye ya unga wa mandazi. Faneli ya mafuta ya taa. Jeki ya gari (gari lenyewe liliondoka zamani). Kinachokosekana ni baruti, zile fataki ndogo za kuwekwa kwenye kitako, na ncha za mbele. Vitu vidogo tu!

Alhamisi, 12 Septemba

Nimetoka Mwingi. Nimechoka lakini nimeshinda.

Nilipanda lori la saruji na beberu wangu mwekundu. Pale soko la mifugo nikaulizia kwa hekima, bila kutaja neno lenyewe. Nikaelekezwa kwa mtu anaitwa Ndululu. Mtu mpole sana. Ana miwani. Akasikiliza, akatazama huku na huku, akasema, "Mzee, umefika kwa mwenyewe." Akachukua beberu, akanipa mkebe wa baruti, ya kahawia, laini, imesagwa vizuri. Fataki zitakuja na mzigo wa pili.

Akanipa na masharti. Nisiuweke karibu na moto. Nisimwonyeshe mtu. Na zaidi ya yote nisiunuse, maana moshi wake baridi hupanda kichwani mtu akaanguka palepale. Muuzaji anayejali afya ya mteja namna hii ni nadra siku hizi.

Kalekye amemwulizia beberu. Nimesema yuko kwa rafiki.

Jumamosi, 14 Septemba

Siku ya kazi. Kalekye alikuwa mazoezi ya kwaya. Nikafunga mlango wa ghala, nikajifunga kitambaa puani kama Ndululu alivyoshauri, nikaanza kujaza maganda. Nimepima, nimemimina, nimeziba mdomo wa kila ganda kwa nta ya mshumaa ili unyevu usiingie. Kazi safi. Shida moja tu: mafua. Nimepiga chafya tangu asubuhi mpaka machozi yakanitoka. Huu upepo wa Septemba ni mbaya.

Ncha za mbele nilimpa kazi Kimeu, mchongaji wa Mukuyuni. Nilimwambia anichongee ncha za mti, ndogo, laini, ziwe sampuli ya kumwonyesha mteja kabla sijapata za madini ya risasi. Leo ameleta. Zote zina uso! Macho, pua, na mdomo uliofunguka! Nimegomba. Amesema amechongea watalii maisha yake yote na kitu kisicho na macho hakinunuliki. Amesema pia nyuso hizo hakunitoza.

Basi nimezibandika hivyohivyo. Kwa mbali ni kama risasi.

Jumatatu, 16 Septemba

Aibu. Aibu!

Nilifika kwa Bwana Jabiri. Mkewe, Bi. Sauda, akatuletea chai na mahamri. Nikasubiri mpaka mumewe ashibe kidogo, nikatoa sampuli, nikaiweka mezani, uso ukimtazama.

Bwana Jabiri akaacha kutafuna. Akauliza ni nini. Nikamweleza. Akasogeza kiti nyuma. Akasema, kwa upole ulionitisha kuliko kelele, "Bwana Nzomo, hapa Kenya mtu hajazi risasi ghalani kwake. Mimi nanunua kwa mwenye leseni, nikikosa nakaa bila. Ukishikwa na baruti utafungwa mpaka usahau njia ya Kalamba. Chukua hicho kitu, toka nacho, na mimi sijakiona." Bi. Sauda akanifungia mahamri yaliyobaki. Nadhani alijua nitayahitaji safarini.

Nimerudi nyumbani. Jela! Mimi, mzee wa watu, baba wa Wavinya ambaye ni nesi!

Jumanne, 17 Septemba

Nimepata suluhisho. Kutupa siwezi, mtu ataokota. Kuchoma siwezi, nitalipuka. Kwa hiyo nimezika.

Nimefunga kila kitu pamoja, nikavingirisha kwa kitambaa chekundu cha joho la zamani la kwaya, nikarudisha kwenye kopo la mjomba. Mbaluka alikuwa sokoni Mukuyuni. Nikachimba chini ya katani, upande wake. Nimefikiria sana upande gani, na upande wake ndio wenye akili: likionekana, ni la Mbaluka. Nimelala mchana kama mtoto.

Alhamisi, 19 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Leo ilikuwa siku ya mwethya. Kundi letu lote huchimba matuta kwa mwanachama mmoja, kesho kwa mwingine, ili mvua ikija isibebe udongo. Leo ilikuwa zamu ya Wayua. Tumefika na majembe, Wayua akasema amepata wageni wa posa, tubadilishane na anayefuata. Anayefuata ni Mbaluka. Na Mbaluka anataka tuta lianzie wapi? Kwenye katani!

Nikasema udongo wa pale ni mbovu. Nikasema kuna nyoka. Nikasema mgongo unauma. Mbaluka akasema mwenye mgongo alipe faini. Nikachimba. Jembe lililogonga kopo lilikuwa langu!

Wakafungua. Kitambaa chekundu. Nta. Vitu vya shaba vyenye nyuso za watu, midomo wazi. Jirani mmoja akapiga yowe, "Asi! Kamuti!" Majembe yakaanguka, watu wakakimbia mpaka kwenye miembe. Kamuti ndio nini, mtu wa kwetu haulizi: ni uchawi uliofungwa ukapewa kazi. Na huu, kwa ukubwa wake, ulionekana umepewa kazi nyingi.

Nimekimbia nao. Nimekimbia mbele yao, hata.

Ijumaa, 20 Septemba

Soko zima linasema uchawi ni wa Mbaluka. Ndiyo maana maembe yake hayapati wadudu! Ndiyo maana ng'ombe wake huzaa majike! Nakiri nimefurahi. Nimekunywa chai mara mbili. Mtu mmoja akaniuliza mimi kama jirani naonaje, nikatikisa kichwa tu, polepole. Kichwa kilitosha.

Lakini jioni nimemwona Susu Mbula, mamake Mbaluka, nyanya yetu sisi sote, amekaa kibarazani peke yake. Siku zote pale pana wanawake. Leo hapana hata kuku. Chai yangu ikapoteza utamu kidogo.

Halafu Pasta Nzuki akatangaza: Jumapili baada ya ibada, kopo litachomwa uwanjani pa kanisa. Waumini watalizunguka. Kwaya itakuwa mbele kabisa ikiimba.

Kwaya! Kalekye ndiye anayeongoza! Atasimama karibu na moto kuliko mtu yeyote, na ndani ya moto mkebe mzima wa baruti!

Jumamosi, 21 Septemba

Nimeenda kwa Pasta mara tatu. Mara ya kwanza nimesema litupwe kwenye bwawa la mchanga. Amesema tunakunywa maji hayo. Mara ya pili nimesema lizikwe. Amesema lilikuwa limezikwa. Mara ya tatu nimesema labda lichomwe na yeye peke yake, na ukuni mrefu sana. Amenitazama. Ameuliza mbona nalijua hili kopo hivi.

Nimemwomba Kalekye asiende. Amesema hajawahi kukosa. Nimesema basi asimame nyuma. Amesema, "Baba Wavinya, tangu lini kiongozi wa kwaya akasimama nyuma?" Nimetaka kumwambia yote. Nimefungua mdomo. Nimepiga chafya.

Nikisema, jela. Nisiposema, Kalekye. Sijala.

Jumapili, 22 Septemba

Naandika nguo zikinuka moshi. Niko hai! Kalekye yuko hai! Kalamba yote iko hai!

Watu walijaa mpaka barabarani. Naibu chifu alikuwepo. Kimeu alitoka Mukuyuni kutazama. Mbaluka alisimama upande, kofia mkononi, mamake amemshika mkono, na hakuna aliyewasogelea. Kopo likawekwa juu ya kuni. Pasta akamwaga mafuta ya taa. Kwaya ikaanza, Kalekye mbele, sauti yake ileile iliyonifanya niende kumposa. Pasta akawasha kiberiti.

Sikufikiria. Nilikimbia katikati nikapiga kelele, "Ni langu! Ni baruti! Si la Mbaluka, ni langu! Laleni chini!" Nikamrukia Kalekye, tukaanguka wote wawili, nikamfunika.

Hakuna aliyelala chini. Wakapiga makofi! Wakasema pepo ametajwa jina na sasa anaongea. Wazee wawili wakanikamata miguu ili nisimwumize mke wangu. Moto ukashika. Nikafumba macho. Nikasema Mungu, mchukue Nzomo, acha Kalekye.

Hakikulipuka kitu. Kuni zikalia. Nta ikatoa moshi. Halafu harufu.

Pasta akapiga chafya. Naibu chifu akapiga chafya. Sauti ya pili ya kwaya ikapiga chafya kwa pamoja, kisha ya tatu. Uwanja mzima! Watu wakalia machozi wakisema pepo wanatoka kwa wingi. Susu Mbula peke yake hakupiga chafya. Alimwachia mwanawe mkono, akausogelea moshi, akavuta puani polepole, macho yamefungwa.

"Hii ni mbaki," akasema. "Ugoro. Na ni mzuri."

Ugoro! Beberu wangu mwekundu kwa mkebe wa ugoro!

Kimeu naye akachokoa jivu kwa fimbo, akaokota ncha moja iliyoungua nusu, akaiinua juu. Akatangaza kwa fahari kwamba macho yale ni yake, ni kazi ya mkono wake, na anayetaka amwone baadaye. Nikaeleza yote, nikiwa bado chini. Naibu chifu alicheka mpaka akashika mti. Amechukua maganda matupu, amesema mjomba Muli alijulikana kwa kazi yake, na sheria haimfungi mtu kwa kutaka kumpiga simba risasi ya chafya.

Sijawahi kufurahi namna hii kuwa mjinga! Nimelia. Nimempa Mbaluka mkono mbele ya watu. Ameushika, halafu akauliza juu ya katani. Nimesema itarudi mahali pake.

Nyumbani Kalekye amenikaripia mpaka sauti ikaisha. Kisha amenipakulia nyama, kipande kikubwa. Amesema, "Lakini ulinikimbilia mimi." Nimesema ndiyo. Nimeapa mbele yake, mkono juu ya Biblia, sitagusa risasi tena maishani.

Jumatano, 25 Septemba

Ndululu amepiga simu! Mwenyewe! Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, lakini yeye ndiye aliyeanza kuomba msamaha. Mikebe ilibadilishana! Baruti yangu halisi ilikwenda kwa mzee mmoja mvuta ugoro huko Mwingi. Wanamtafuta kabla hajafungua. Nimemwonea huruma sana mzee yule. Ndululu amesema akiupata mkebe ataniwekea, na kwa ajili ya usumbufu nitaupata kwa beberu mmoja tu.

Risasi niliapa, na kiapo ni kiapo. Lakini bomba la kufukuza nyani si risasi. Bomba la chuma, baruti kidogo, mlio mkubwa, nyani wamekwenda. Mbaluka ana nyani wengi kwenye maembe. Atanunua wa kwanza! Kimeu atapamba mdomo wa bomba. Ameomba kutia macho, na safari hii nimekubali, nyani huogopa kutazamwa. Ugoro sitauziwa tena: safari hii nitajaribu kwanza kwa kiberiti.

Kalekye ameuliza mbona beberu mweusi ana kamba mpya shingoni. Nimesema ni urembo.