Geji Ishirini kwa Swara wa Kachibora

Jumatatu, 12 Mei 2025

Swara wamerudi! Watatu. Wametoka msituni, wamekula maharagwe yangu mistari minne, maua yote, halafu wakalala pale pale kama wageni walioshiba. Nelima, mke wangu, ati tuweke uzio. Uzio! Mimi Wabwile, mgombea uenyekiti wa kikundi cha wakulima, nihangaike na miiba? Uchaguzi ni Jumamosi. Nimewaahidi wanachama nitapata bunduki ya marisau na swara wote wa Kachibora watanijua. Walipiga makofi sana. Mpinzani wangu, jirani yangu Kiptanui, ameahidi kuandikia serikali barua. Kwani swara wanasoma?

Bunduki nimeshachagua. Binamu wa Kiptanui ana ya geji kumi na mbili, ndicho kipimo cha mtutu, na anajigamba nayo kila mahali. Mimi nachukua geji ishirini. Hesabu ni hesabu.

Jumanne, 13 Mei

Kitale, kuomba leseni. Fomu inataka sababu. Nikaandika ukweli: kuwinda swara. Karani, dada mmoja anaitwa Chepkemoi, akasoma mara mbili. Akaniuliza kama hilo ni ombi ama nakiri kosa. Ati uwindaji ulipigwa marufuku kabla yeye hajazaliwa, na swara ni mali ya serikali. Nikamwambia basi serikali ije ilishe mifugo yake! Akasema swara si mfugo. Kama mimi sijui!

Halafu akaongeza, na hakuna aliyemwuliza, kwamba geji ishirini ni ndogo kuliko kumi na mbili. Tangu lini? Na huyu analipwa kwa kodi yangu!

Alhamisi, 15 Mei

Kanduyi, kwa wakwe. Mama mkwe ni polisi mstaafu, alikuwa akitunza ghala la silaha. Lakini kwetu Wabukusu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani, wala hawaketi chumba kimoja. Mpango wangu ulikuwa safi: namwuliza baba mkwe, anaingia ndani kumwuliza mkewe, anatoka na jibu.

Nafika, baba mkwe ameenda matanga Chwele. Mama mkwe yuko jikoni peke yake! Basi nimeketi nje saa nzima, mgongo kwa dirisha, uso kwa choo. Yeye anafundisha bunduki, mimi namjibu choo. Ati namba ikipanda, mtutu unapungua. Hata yeye! Lazima amempigia Chepkemoi simu. Ati ishirini ni nyepesi, inafaa bega laini kama langu. Bega laini! Akauliza, nikilenga nafunga jicho gani. Nikasema yote mawili, kwa usalama.

Nikasikia anacheka, mama mzima na heshima zake. Akasema: Baba Ian, achana na bunduki, zungusha miiba na kamba ya pilipili na oili chafu, utavuna maharagwe yako. Nelima amemlisha maneno, naapa.

Jumamosi, 17 Mei

Nimeibiwa uchaguzi! Ukumbi wa kanisa umejaa. Nimesimama kuhutubia, nimefika pale pa geji ishirini, wanachama wametoa macho. Mlango unafunguka. Mama mkwe! Kiptanui amemwalika aje kufundisha uzio. Jirani ameishi na sisi Wabukusu miaka ishirini na tano, anajua mila zetu zote, na bado anadai hakukusudia!

Ningefanya nini? Nimejifunika koti kichwani, nimetoka kupitia dirisha. Kwa heshima. Suruali imebaki kidogo kwenye msumari. Uchaguzi wangu nimeusikiliza nikiwa nyuma ya ukuta, na kuku wa pasta wakinitazama. Mama mkwe akaeleza kamba na pilipili, watu wakashangilia, wakamchagua Nelima. Mke wangu! Hata hakuwa mgombea! Kiptanui mwenyewe ndiye aliyempendekeza.

Nelima kura arobaini na moja. Mimi moja. Na mimi sikupiga, nilikuwa na kuku. Nimemwuliza Nelima kama ni yeye aliyenihurumia. Amesema kura ni siri.

Jumatatu, 26 Mei

Uzio wa Nelima umemaliza wiki nzima. Swara, hakuna. Hata kwato moja! Maharagwe yaliyobaki yametoa maganda. Wanachama wanakuja kutazama, wanamwita Nelima Madam Chair, mimi natoa viti. Hakuna hata mmoja anayeuliza habari ya bunduki.

Na ubaya wenyewe ni huu: nimejaza fomu mpya, safari hii nimeandika "kulinda mali". Nilinde mali gani, dhidi ya nani? Hawa watu wameniharibia ushahidi wote!

Kwa hivyo leo, Nelima alipoenda kuongoza mkutano, nimefungua uzio upande wa bondeni, nafasi ya kutosha swara watatu. Nimetandaza majani ya sukuma wiki kuanzia msituni mpaka kwenye maharagwe. Saa kumi jioni mmoja alitokea, akanusa kamba, akasita. Nimemwambia karibu, pita ndani, hapa ni kwako.